Kilele cha mita 4,200 kwenda na kurudi kwa siku moja: mpango huu unafaa?

Ndugu washauri,

Mimi na rafiki yangu tumepania kupanda mlima wa mita 4,200 na kushuka siku hiyohiyo, wiki 10 kuanzia sasa. Barabara inaishia kwenye mita 2,500. Kutoka hapo hadi kileleni ni kilomita 11 za njia ya miguu iliyo wazi, haina barafu wala mahali pa kutumia kamba. Sote wawili tunaishi karibu na usawa wa bahari. Mimi ni mkimbiaji, kilomita 21 nazimaliza chini ya masaa 2. Mwenzangu hutembea sana ila hakimbii, na mwendo wake ni wa taratibu kuliko wangu.

Tumepanga kuanza saa 1 asubuhi baada ya kulala vizuri, tufike kileleni kama saa 7 mchana, tuwe chini kabla ya giza, ambalo huingia saa 12 na nusu jioni. Nafikiria kubeba chupa moja ya maji na koti jepesi tu, niwe mwepesi.

Linalonitia hofu ni hili. Mwaka jana nilipanda mlima wa mita 3,600. Nilisafiri usiku kucha, nikafika chini ya mlima alfajiri, nikaanza kwa kasi na kuwaacha wenzangu nyuma. Karibu na kilele kichwa kikaanza kunigonga, na wakati wa kushuka nikatapika mara mbili. Wale niliowaacha, ambao hawafanyi mazoezi kama mimi, hawakuumwa kitu. Je, mwili wangu haufai milima? Mbona kuna watu wanapanda Kilimanjaro na kushuka kwa masaa machache tu? Na mwenzangu akichoka njiani, ni sawa anisubiri hapo nifike kileleni kisha nimpitie?

Mkimbiaji wa Tambarare

*

Ndugu Mkimbiaji,

Mlima huo unapandika kwa siku moja, na wiki 10 zinatosha kujiandaa. Lakini haupandiki kwa kuanza saa 1 asubuhi, wala kwa chupa moja ya maji.

Tuanze na saa, kwa sababu hapo ndipo mpango wako unapovuja. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo. Kwa vipimo vyetu ni hivi: saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kilomita zako 11 ni masaa 2 na dakika 12. Mita 1,700 za kupanda ni masaa 2 na dakika 50. Jumla masaa 5 na dakika chache, yaani kileleni saa 6 mchana, hata mapema kuliko saa 7 uliyokadiria. Tatizo ni kwamba kanuni hiyo ilitungwa kwa vilima vya chini, kwa mtu mwenye afya asiyesimama kabisa. Haijui kwamba juu ya mita 3,000 mtu wa pwani anapoteza kasi hata akiwa na mapafu ya mkimbiaji. Wala haijui kwamba mtasimama kuvaa, kuvua, kula na kujisaidia.

Kwa watu wawili wanaotoka usawa wa bahari, wekeni masaa 7 ya kupanda: 3 kwa nusu ya chini, hadi mita 3,350, na 4 kwa nusu ya juu. Kushuka wekeni masaa 4. Hapo ni masaa 11 bila tukio lolote. Ukianza saa 1 asubuhi unafika kileleni saa 8 mchana na kwenye gari saa 12 jioni, nusu saa kabla ya giza. Kifundo cha mguu kikiteguka kidogo tu, mtakuwa mnatafuta njia gizani.

Kwa hiyo anzeni saa 9 usiku. Tunajua inauma, hasa kwa mtu anayethamini usingizi, lakini faida zake ni kubwa. Masaa matatu ya kwanza mnatembea gizani kwenye njia rahisi zaidi, mkiwa na nguvu, na jua linawakuta katikati ya mlima. Kileleni mnafika kama saa 4 asubuhi. Kwenye milima mingi mirefu asubuhi huwa shwari, kisha jua linapasha miteremko, hewa yenye unyevu inapanda na mawingu yanajikusanya mchana. Radi hufuata hapo. Ukiona mwako, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo: kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Chini ya sekunde 30 maana yake radi iko ndani ya kilomita 10, na mtu aliye kwenye tuta la mlima anatakiwa awe ameshaanza kushuka.

Sasa wekeni saa ya kugeuka, na muiandike kwenye karatasi kabla ya kulala. Kwenu ni saa 6 mchana. Ikifika hiyo, popote mlipo mnageuka, hata kama kilele kinaonekana mita 100 mbele. Mkigeuka saa 6 mko chini saa 10 jioni, na bado mna masaa mawili na nusu ya mwanga kama akiba. Tunapendekeza pia kituo cha ukaguzi katikati: kama saa 2 asubuhi haijawakuta mita 3,350, nusu ya juu haitawezekana kabla ya saa 6, basi rudini mkiwa bado na miguu. Uamuzi wa saa 2 ni rahisi kuliko wa saa 6, kwa sababu kilele kikiwa karibu akili hutafuta visingizio. Ajali mbaya milimani mara nyingi hutokea wakati wa kurudi. Mwaka 1865 watu saba walifika kilele cha Matterhorn kwa mara ya kwanza, wanne kati yao wakafa katika kushuka.

Tuje kwenye kichwa chako na kutapika. Mwili wako hauna kasoro. Watu husema juu ya mlima oksijeni imeisha, lakini sehemu ya oksijeni katika hewa ni ileile, karibu asilimia 21, pwani na kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe. Kwenye mita 4,200 mgandamizo ni takriban asilimia 60 ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu. Mwili hujirekebisha kwanza kwa kupumua zaidi, jambo linaloanza ndani ya masaa machache. Marekebisho ya damu huchukua siku na wiki. Mazoezi ya kukimbia hayaharakishi lolote kati ya hayo. Yanachofanya ni kukupa miguu ya kufika juu kabla mwili haujazoea, na hicho ndicho kilichokutofautisha na wale uliowaacha nyuma: wao walilazimika kwenda polepole.

Kwa kawaida ugonjwa wa kimo, yaani kuumwa kwa kufika juu kabla mwili haujazoea, huanza kati ya masaa 6 na 12 baada ya kufika juu, ndiyo maana wengi wanaokwenda na kurudi siku moja huponea. Wewe ulikuwa umekesha safarini, ukaanza kwa kasi, na hatujui ulikunywa na kula kiasi gani. Uchovu, njaa na upungufu wa maji huleta maumivu na kichefuchefu kinachofanana sana na cha kimo. Kwa barua tu hatuwezi kuvitenganisha. Lakini mtu aliyewahi kuumwa juu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuumwa tena akipanda kwa namna ileile, basi jihesabu kuwa mmoja wao.

Jambo moja litakusaidia kuliko mengine yote: fikeni mapema, mlale usiku mbili kwenye mita 2,500 au karibu na hapo. Siku ya katikati tembeeni taratibu mita 300 au 400 kwenda juu, kaeni saa moja, mrudi kulala chini. Msinywe pombe wala dawa za usingizi siku hizo, kwa kuwa zinapunguza upumuaji usiku, wakati mwili ndio unajifunza kupumua zaidi. Ukiamka saa 8 usiku na kichwa kinauma, siku hiyo usianze kupanda.

Kuna dawa ya asetazolamidi inayosaidia kuzuia ugonjwa huu. Dozi ya kawaida ya kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Huandikwa na daktari, na kwa historia yako unayo sababu ya kumuona. Mwambie kama una mzio wa dawa za salfa, au shida ya figo au ini. Inaongeza mkojo na kuleta ganzi vidoleni, kwa hiyo ijaribu nyumbani siku moja mapema. Haimpi mtu ruhusa ya kupanda akiwa anaumwa.

Njiani sheria ni hii. Kichwa pekee kikiuma, simama dakika 20 hadi 30, kunywa, kula, meza parasetamoli. Kikiacha, endelea kwa mwendo wa chini zaidi. Kisipoacha, au kikiongezeka kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, geukeni. Kushuka mita 300 hadi 1,000 kwa kawaida huleta nafuu. Na kuna dalili ambazo hazingoji dakika 20: kupumua kwa shida hata ukiwa umekaa, kikohozi chenye povu, maneno yasiyoeleweka, mwendo wa kilevi. Kipimo cha hilo la mwisho ni rahisi. Mwambie mwenzako atembee mita 3 kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa ncha ya kiatu cha mguu wa nyuma kila hatua. Akiyumba au kukanyaga nje ya mstari, ubongo umeanza kuathirika. Shukeni papo hapo, akisindikizwa, bila kujali saa wala umbali wa kilele.

Umeuliza kuhusu wanaokimbia Kilimanjaro. Ni kweli. Mwaka 2014 Karl Egloff alipanda na kushuka mita zile 5,895 kwa masaa 6 na dakika 42, na kabla yake Mtanzania Simon Mtuy aliwahi kumaliza chini ya masaa 10 akijibebea mahitaji yake. Lakini Egloff alikulia Quito, mji ulio karibu mita 2,850, na Mtuy ni mwongozaji aliyepanda mlima huo mara nyingi sana. Walifika kwenye mstari wa kuanzia wakiwa na miili iliyokwisha kuzoea. Mgeni wa kawaida hupewa siku tano au zaidi kwenye mlima uleule, na neno analolisikia kwa waongozaji tangu lango la kuingilia ni “pole pole”.

Nanyi mlichukue kama agizo. Dakika 45 za kwanza mwende kwa kasi inayokufanya uonekane mvivu. Kipimo: uweze kutamka sentensi nzima bila kuikata ili kuvuta pumzi. Ukiikata, punguza. Kwenye mwinuko mkali juu ya mita 3,500 tumia hatua ya kupumzika. Mguu wa nyuma unyooshe hadi goti lijifunge, uache uzito wote ukae juu ya mfupa kwa sekunde moja, ndipo uinue mguu mwingine. Msuli wa paja unapata sekunde ya kulegea katika kila hatua, na kwa maelfu ya hatua hiyo si akiba ndogo. Wakimbiaji huichukia wiki ya kwanza kwa sababu inawatia aibu. Ifanyie mazoezi kwenye ngazi.

Na ngazi ndiyo dawa ya mtu wa tambarare. Ngazi ya kawaida ina kimo cha sentimita 17 hivi, kwa hiyo mita 1,700 za mlima wako ni vidato 10,000. Tafuta jengo refu. Wiki ya kwanza panda vidato 900, sawa na mita 150 na kidogo, ukiwa na begi la kilo 4. Ongeza kila wiki, hadi wiki ya saba ufikishe vidato karibu 5,900, yaani mita 1,000, kwa mkupuo mmoja na begi la kilo 8. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki, na siku nyingine moja tembea masaa 5 hadi 6 popote ulipo. Mbio zako zibaki mara mbili, fupi na nyepesi.

Usipande lifti kurudi chini! Katika kushuka msuli wa mbele wa paja unafanya kazi huku unarefuka, unazuia uzito usianguke, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayochanachana nyuzi zake. Mkimbiaji wa tambarare hana kinga nayo. Anafika kileleni vizuri, na kilomita 4 baadaye magoti yanatetemeka kama ya mtoto anayejifunza kusimama. Habari njema ni kwamba msuli ukishaumia kidogo mara moja au mbili hujikinga kwa wiki kadhaa zinazofuata. Kwa hiyo mazoezi mazito ya mwisho ya kushuka yafanye siku 10 hadi 14 kabla ya safari, si wiki ileile.

Miguu yenyewe: kata kucha siku tatu kabla, zinyooke, zisichimbe pembeni. Viatu viwe vimeshatembea. Mkifika kileleni, kabla ya kuanza kushuka, kaeni chini mfungue kamba hadi chini. Gonga kisigino ardhini mara mbili ili mguu urudi nyuma kabisa ya kiatu, kisha kaza kwa nguvu sehemu ya kifundo, huku vidole ukiviachia nafasi. Ukiruka hatua hii, mguu unateleza mbele kwa kilomita 11 na kucha za vidole vikubwa zinageuka nyeusi. Fimbo mbili za kutembelea zipunguzeni urefu wakati wa kupanda, ziongezwe wakati wa kushuka.

Sasa begi. Kila mita 1,000 joto hushuka takriban nyuzi 6.5, kwa hiyo kileleni ni baridi kwa nyuzi 11 kuliko pale mlipoacha gari, na upepo haujahesabiwa. Koti jepesi peke yake halitoshi. Ngozini vaa nguo ya sufu au poliesta, kamwe si pamba, kwa sababu pamba hunyonya jasho na kulishikilia hadi likugandishe mnaposimama. Juu yake nguo moja ya joto. Ndani ya begi: koti la mvua na upepo, nguo nyingine ya joto ambayo hamuivai mkitembea bali mkisimama tu, kofia ya kufunika masikio, glavu jozi mbili kwa kuwa moja italowa, na blanketi la dharura la karatasi ya fedha, ambalo ni dogo kuliko ngumi. Mkianza kutembea muhisi ubaridi kidogo. Anayeanza akiwa na joto atakuwa amelowa jasho baada ya dakika 15.

Kila mmoja awe na tochi yake ya kichwani na betri za akiba, hata kama mnategemea kurudi mchana. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana baridi hunyonya betri, na ramani iwe imepakuliwa kabla. Miwani ya jua na krimu ya kukinga ngozi ni za lazima hata kukiwa na ukungu, kwa kuwa mionzi inayounguza huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Filimbi pia: milio sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Hiyo ndiyo ishara ya kuomba msaada.

Maji, lita tatu na nusu hadi nne kwa kila mtu, isipokuwa kama mna uhakika wa chemchemi njiani na dawa ya kusafishia. Kunywa kwa kiu, mafunda machache kila dakika 20. Msijilazimishe kunywa kupita kiasi. Maji mengi bila chumvi hupunguza sodiamu katika damu, na dalili zake, kichwa na kichefuchefu, zitawadanganya kuwa ni kimo. Chakula ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya kiasi ina kama gramu 25, vipande viwili vya mkate kama 30. Kula mapema, kabla ya njaa, kwa sababu juu ya mita 3,500 hamu ya kula hupotea ghafla. Beba aina mbili au tatu, tamu na chumvi, maana hujui tumbo litakataa ipi. Begi zima litakuwa na kilo 7 au 8, na zaidi ya kilo 3 ni maji mtakayoyamaliza njiani.

Swali lako la mwisho tunalijibu kwa mkato: hapana, usimwache. Mtu aliyechoka, amelowa jasho, akakaa kwenye mita 3,900, huanza kutetemeka upesi sana, na wewe utakuwa unamrudia baada ya masaa mawili au zaidi. Ukungu ukishuka hamtaonana. Na kama uchovu wake ni mwanzo wa ugonjwa wa kimo, akili ya kuutambua ndiyo ya kwanza kuathirika. Hatajua kuwa anapaswa kushuka. Yeye atangulie mbele tangu hatua ya kwanza na aweke kasi, wewe ufuate. Kwa historia yako, mwendo wake ndio kinga yako. Mmoja akishindwa, mnarudi wawili. Kama kila mmoja wenu anataka nafasi ya kufika hata mwenzake akirudi, basi nendeni watu wanne, ili wawili washuke na wawili waendelee. Mzungumze jambo hili nyumbani, kabla ya safari, si kule juu wakati mmoja ameketi kwenye jiwe na mwingine anatazama kilele.

Kabla ya kuweka tarehe, ulizeni mamlaka ya hifadhi kama kupanda na kushuka siku moja kunaruhusiwa, kama mwongozaji ni wa lazima, na lango linafunguliwa saa ngapi, kwa sababu mpango wa saa 9 usiku haufai kitu kwenye lango linalofunguliwa saa 12 asubuhi. Chukueni namba yao ya uokoaji. Kisha mwachieni mtu mmoja nyumbani karatasi yenye jina la njia, rangi ya makoti yenu, saa ya kugeuka, na maneno haya: ikifika saa 1 usiku hajapata ujumbe wenu, apige namba hiyo bila kusubiri. Mkifika kwenye gari, mtumieni ujumbe kabla hamjavua viatu.